Mashine ya Farasi Wangapi kwa Chombo cha Tanga?



Kila mwaka tunapokea maombi kutoka kamati za parokia za pwani na visiwani. Ombi moja hurudi mara kwa mara, nalo huandikwa kwa sentensi moja tu: "Tunaomba mashine ya boti ya farasi 40." Halisemi chombo kina urefu gani, kinabeba nini, wala kinapita wapi. Wafadhili nao hutuuliza swali ambalo ni haki yao kuuliza: Kwa nini 40? Kwa nini si 15, au 60?

Kwa muda mrefu hatukuwa na jibu. Katika somo hili tunaeleza tulivyojifunza, na tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mashua iliyokaa mchangani

Parokia moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania ilikuwa na mashua ya mbao yenye urefu wa mita saba na nusu. Mara mbili kwa mwezi ilipeleka wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto kisiwani, umbali wa maili 9 za baharini. Katika miezi ya kaskazi ilikwenda vizuri kwa tanga. Shida ilikuwa siku za shwari, na pia miezi ya kusi, wakati wa kurudi upepo ulipokuwa usoni. Siku nyingine wahudumu walilala kisiwani bila kutarajia, na chanjo zilizobaki kwenye kasha la baridi zikaharibika. Kamati ikaomba mashine. Mfadhili mmoja alikuwa tayari kutoa ya farasi 40, nasi tukakubali bila kuuliza lolote. Tulidhani kubwa ndiyo bora.

Safari ya kwanza tulikuwemo. Nahodha, mzee aliyezaliwa na kukulia katika kazi hiyo, alifungua mashine kidogo na mashua ikaenda vizuri. Alipofungua nusu, mwendo uliongezeka kidogo. Alipofungua yote, tezi ilididimia, omo ukainuka, wimbi kubwa likawa linatufuata nyuma, na mwendo ukabaki karibu ule ule. Maji yakaanza kuruka ndani kwa upande wa nyuma. Mzee alipunguza moto, akamgeukia paroko, akasema: "Padri, mashine hii inasukuma bahari, haisukumi chombo."

Tulicheka. Hatukupaswa kucheka. Kwenda na kurudi mashine ilikula lita 45 za petroli. Fungu la mafuta la mwaka mzima liliisha mwezi wa tano. Mwezi wa sita ubao wa tezi ulipasuka pale mashine ilipofungwa. Mashua ikavutwa juu na kukaa mchangani miezi minne, na watoto wa kisiwani waliokwisha kupata chanjo ya kwanza wakakosa ya pili kwa wakati wake. Kabla ya msaada wetu walikuwa wakichelewa siku moja au mbili. Baada ya msaada wetu walisubiri miezi minne.

Mwendo una mpaka wake

Alichokisema mzee kwa maneno yake, mhandisi Mwingereza William Froude alikipima katika miaka ya 1870, kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli ndani ya birika refu huko Torquay. Chombo kinachopasua maji hutengeneza mawimbi. Kadiri kinavyokwenda kasi, ndivyo wimbi lake linavyorefuka, mpaka kilele kimoja kinakuwa omoni na kingine tezini, na chombo kimekaa bondeni katikati. Kikitaka kwenda zaidi ya hapo ni lazima kiupande mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa inaweza kuupanda na kuteleza juu ya maji. Mashua, dau au jahazi, kwa uzito na umbo lake, haiwezi.

Mpaka huo unaweza kuhesabiwa. Pimeni urefu wa chombo pale kinapogusa maji kikiwa kimepakiwa. Msipime juu ukingoni, kwa maana huko chombo ni kirefu zaidi. Tafuteni kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, kisha zidisheni kwa 2.43. Jibu ni maili za baharini kwa saa. Mashua yetu ina mita 6.5 majini. Kipeuo chake ni karibu 2.55, na jibu ni 6.2. Chombo chenye mita 4 majini mpaka wake haufiki maili 5 kwa saa; chenye mita 9 ni maili 7 na ushei. Hapo mtaona kwamba hata jahazi kubwa halimpiti mwenzake mdogo kwa mbali sana.

Kuna jambo la pili ambalo lina faida kubwa kwa mwenye kununua mafuta. Karibu na mpaka huo, nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko mwendo. Ukikubali kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano, nguvu unayohitaji hupungua karibu nusu. Kwa mashua yetu ni kutoka maili 6.2 hadi 5 kwa saa.

Uzito ndio unaotaja farasi

Urefu hueleza mwendo. Uzito hueleza nguvu. Mafundi wengi wa boti hukadiria farasi 3 hadi 5 kwa kila tani ya chombo kilichopakiwa, na 4 ni kadirio zuri la kuanzia. Neno "kilichopakiwa" lisisahauliwe. Tulipokaa na kamati na nahodha chini ya mwembe kuhesabu upya, tulipata hivi: mashua yenyewe kilo 1,200, mlingoti, foromali, tanga, nanga na kamba kilo 200, watu wanane kilo 520, kasha la chanjo, dawa, maji ya kunywa na mafuta kilo 200. Jumla ni kilo 2,120, yaani tani mbili na kidogo. Tukizidisha kwa 4 tunapata farasi 8 na nusu. Mashine inayouzwa iliyo karibu na hapo ni ya 8 au ya 10.

Kamati ilinyamaza. Mwenyekiti aliuliza kama hesabu haikukosewa. Tulirudia mara mbili.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba ndogo zaidi ndiyo bora zaidi. Siku ya shwari mashua hiyo ingeweza kwenda kwa farasi 4 au 5 tu. Lakini chombo cha tanga kina mlingoti na foromali vinavyokamata upepo hata tanga likiwa limeshushwa, na kusi ikivuma sawasawa nusu ya nguvu hupotelea hapo. Kuna pia mkondo. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4, na yote hayo hupita kwenye milango ya miamba. Mkondo wa maili 3 kwa saa ukikujia usoni, chombo chenye mwendo wa maili 5 kinasogea maili 2 tu. Chenye mwendo wa maili 4 kinasogea moja, na abiria wanaanza kusali. Kwa hiyo tulichagua 10, si 8. Nahodha alisema pia jambo ambalo halikuwa katika hesabu zetu: kwamba mtu mwenye akili hapiti mlango ule bamvua likitoka, awe na farasi wangapi. Ratiba ya kliniki sasa hupangwa kwa kuangalia mwezi, na siku nyingi huangukia maji mafu.

Pangaboi na mguu wa mashine

Mashine mbili za farasi 10 zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa kwa sababu ya pangaboi, ambalo wengine huliita propela. Pangaboi linalokuja na mashine dukani mara nyingi limekusudiwa boti nyepesi inayokwenda kasi: mabawa yake yamelala kwa namna ya kusukuma maji mbali katika kila mzunguko. Kwenye chombo kizito mashine hulemewa, haifikii mizunguko yake, hutoa moshi mwingi na kuchoka mapema. Ni kama kupanda mlima kwa gia ya nne. Kwa mashua ombeni pangaboi pana lenye hatua fupi. Dalili ya kwamba mmepata sahihi ni hii: chombo kikiwa kimepakiwa na moto umefunguliwa wote, mashine ifikie mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake, isipite na isipungue sana.

Mguu wa mashine nao hupimwa. Mguu mfupi ni wa tezi lenye kimo cha karibu sentimita 38, mrefu ni wa sentimita 51, na upo mrefu zaidi wa sentimita 64. Chombo cha tanga huhitaji mrefu, kwa sababu tezi likiinuliwa na wimbi, pangaboi la mguu mfupi hutoka majini, mashine hulia, na wakati huo ndipo unapouhitaji msukumo. Kile kibao bapa kilicho juu ya pangaboi lazima kikae chini kidogo ya tumbo la chombo. Mashua ina tezi la bapa, hivyo kufunga ni rahisi, ila usukani uko katikati na mashine hulazimika kukaa pembeni. Dau limechongoka huku na huku. Huhitaji fremu ya ubavuni iliyofungwa kwenye mataruma, siyo kwenye ubao mtupu. Tezi la mashua yetu lilipasuka kwa sababu mashine ya kilo zaidi ya 70 ilifungwa kwenye ubao bila kuunganishwa na mifupa ya chombo.

Kabla ya kununua, azimeni. Katika vijiji vingi vya wavuvi haikosekani mashine ya farasi 8, 10 au 15. Pimeni kamba ya mita 185 kando ya ufukwe, simikeni mti kila mwisho, pakieni chombo mzigo wake wa kawaida, kisha mpite kati ya miti hiyo kwenda na kurudi huku mtu akishika saa. Mkitumia sekunde 60, mwendo ni maili 6 za baharini kwa saa. Mkitumia sekunde 72, ni maili 5. Chukueni wastani wa mwendo wa kwenda na wa kurudi ili mkondo usiwadanganye. Kazi hii ni ya asubuhi moja na lita chache za petroli.

Yaliyofuata

Mashine ya farasi 40 iliuzwa kwa wavuvi wenye boti ya faiba, ambako iko mahali pake. Fedha zilinunua mashine ya farasi 10 ya mguu mrefu, zikalipa fundi kutengeneza tezi na kuongeza mataruma mawili, na zikabaki za mafuta. Safari ile ile ya kwenda na kurudi sasa hutumia lita 10 hadi 12, na inapochukua muda mrefu zaidi kuliko zamani, tofauti haifiki dakika 40. Upepo ukiwa mzuri mashine huinuliwa, tanga hutwekwa, na lita hizo hubaki kwenye dumu.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mgonjwa mahututi hawezi kungoja maili 5 kwa saa. Ni kweli. Lakini jibu la hitaji hilo ni boti nyingine, nyepesi, yenye umbo la kuteleza, pamoja na bajeti ya mafuta yake kila mwezi. Kufunga mashine kubwa kwenye mashua hakumfikishi mgonjwa mapema. Kamati inayohitaji boti ya wagonjwa iandike hivyo waziwazi.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Mashine hupigwa picha vizuri siku ya kukabidhiwa. Petroli, oili, vichujio na plagi za mwaka wa pili hazipigwi picha na mtu. Mashine ya petroli ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hula karibu nusu lita kwa saa kwa kila farasi. Anayetoa farasi 40 anaiachia parokia deni la lita 20 kwa kila saa ya kazi. Tafadhali ulizeni nani atalilipa kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Kuanzia sasa ombi lolote la mashine ya chombo cha tanga litaambatana na karatasi moja yenye urefu wa chombo majini, uzito wake kikiwa kimepakiwa, kimo cha tezi, umbali wa safari na idadi yake kwa mwezi, fundi aliye karibu na aina ya mashine ambayo vipuri vyake anavyo, na matokeo ya jaribio la kamba. Iwe na saini ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Na chini yao, tafadhali, saini au dole gumba la nahodha.