Ijue Kaunti Yako: Nyumba za Mawe na Vijiji vya Wavuvi vya Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuuona. Mkazi anayepita katika vichochoro vyake kila siku, hata hivyo, huenda hajawahi kuelezwa kwa nini nyumba zilijengwa jinsi zilivyojengwa, au zinahusiana vipi na vijiji vya wavuvi vilivyo karibu.

Somo hili linafafanua mambo hayo. Linawafaa wazazi wanaotaka kuwatembeza watoto wakati wa likizo, walimu wanaopanga ziara, na vijana wanaoongoza wageni.

Nyumba iliyotoka baharini

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mawe huchimbwa kisiwani Manda. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, na boriti ni miti ya mikoko. Kwa sababu boriti inayotumika kwa dari ni ya urefu wa karibu mita 3 tu, vyumba vya nyumba hizi huwa vyembamba na virefu. Kuta ni nene, na joto la mchana huchelewa kupenya ndani.

Anayetaka kuielewa nyumba aanze mlangoni. Mbele ya mlango wa nakshi pana daka, yaani ukumbi mdogo wenye baraza mbili za kukalia. Hapo ndipo mwenye nyumba huzungumza na wapita njia na watu wa biashara. Mgeni wa kiume anayelala huwekwa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makazi ya familia. Kutoka dakani, njia hupinda kabla ya kufika kiwanda, ua ulio wazi juu. Kwa kupinda huko, mtu aliye nje haoni ndani hata mlango ukiwa wazi.

Baada ya kiwanda kuna misana, vyumba virefu vilivyofuatana, kisha ndani, chumba cha faragha. Ukuta wake hupambwa kwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo vyombo vya thamani viliwekwa. Chooni kuna birika la maji, na katika nyumba nyingi walifugwa samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Ukiwa njiani, inua macho utaona wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani.

Mpangilio huu wote unaonyesha kwamba mtu huingia nyumbani hatua kwa hatua, kwa idhini. Anayezuru leo afuate utaratibu huohuo: apige hodi, asubiri dakani, na asipige picha ya ndani bila ruhusa. Nyumba nyingi za Mkomani ni makazi ya watu. Anayetaka kuona vyumba vyote kwa utulivu aende Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, kisha Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19.

Kijiji ni mahali pa kazi

Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, inajulikana kwa mafundi wa vyombo. Jahazi na mashua huundwa ufuoni bila mchoro wa karatasi. Vipimo vimo kichwani mwa fundi. Mgeni ataona tezo, msumeno na keekee vikitumika, na pamba iliyolowekwa mafuta ikisukumwa katikati ya mbao ili maji yasiingie. Kipungani, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, ina wasusi wa mikeka na vikapu. Kizingitini, kisiwani Pate, ni kituo kikubwa cha uvuvi wa kamba mawe.

Uvuvi nao una elimu yake. Mwenye madema hujua mwamba gani una samaki na wakati gani wa kutega. Mwenye mshipi hujua mkondo. Mzee akieleza haya, mtoto hujifunza sayansi ya bahari kwa lugha yake mwenyewe.

Kwa hiyo, anayefika kijijini atangulize sabalkheri au masalkheri, kisha aulize maswali. Asiguse nyavu zilizoanikwa wala asikalie mashua iliyo matengenezoni. Aulize kwanza mzee wa mtaa au kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, ni nani anayeweza kumtembeza. Avae mavazi ya heshima na asiingie msikitini bila kukaribishwa. Na anapotaka mkeka, samaki au chakula, anunue kwa mwenye kijiji. Mtu akitembea kijiji kizima, akapiga picha mia na kuondoka bila kununua hata dafu, kijiji hakijafaidika na ziara yake.

Safari hufuata maji

Ratiba ya visiwani hupangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na vijito vya mikoko vya kuelekea Takwa na Siyu hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Atakayechelewa kurudi atakwama kwenye matope hadi maji yapande.

Upepo nao uangaliwe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, mawimbi huwa makubwa. Muulize nahodha kabla ya kulipa, na usipande chombo kilichojaa kupita kiasi au kisicho na majaketi ya kujiokolea.

Kinachoweza kupotea

Nyumba ya matumbawe ikikarabatiwa kwa saruji, unyevu hunaswa ukutani, mawe hubomoka na boriti huoza. Chokaa huruhusu ukuta kutoa unyevu. Mwenye nyumba anayeona saruji ni nafuu leo anaweza kuja kulipa zaidi baadaye. Mji wa Kale unalindwa kisheria, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inahusu mahali kama hapo. Kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha mlango wa nakshi, wasiliana na afisi za Makumbusho ya Kitaifa.

Vivyo hivyo, Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hiyo hutoa boriti na ndiko samaki wengi hukulia. Ikikatwa ovyo, fundi wa nyumba na mvuvi wataumia pamoja.

Zoezi la familia au darasa

1. Tembeleeni nyumba moja ya mawe kwa ruhusa ya mwenyewe. Choreni ramani yake kutoka daka hadi ndani, mkiandika jina la kila sehemu.

2. Muulizeni mvuvi mmoja ataje pepo, aina za mitego na samaki wa kila msimu. Andikeni maneno ambayo hamkuyajua.

3. Jadilini: katika mtaa wenu, ni nyumba au kazi gani ya mikono iliyobaki na mjuzi mmoja au wawili tu? Nani atafundishwa, na lini?