Kabongo: kadi ipo, kura ya karibu haipo

Mama mmoja anayeuza mihogo mikavu sokoni Kabongo, jimboni Haut-Lomami, alinionyesha kadi yake ya uchaguzi. Aliitoa kwenye fundo la kitenge, ndani ya kifuko cha plastiki, ingali inang'aa kama siku aliyopewa.

"Mama, 2023 ulipiga kura?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mtoto wangu, hii ni ya njia. Askari wa kizuizi akitaka kitambulisho, namwonyesha. Kura nitampa nani? Wakishavuka kwenda Kamina na Kinshasa, huku hawarudi."

Kuhusu kadi, hakukosea. Nchini Kongo wengi wetu hatuna kitambulisho kingine cha taifa, kwa hiyo kadi ya CENI, tume ya uchaguzi, ndiyo inayotupitisha kizuizini na ndiyo tunayotoa tunapotaka huduma ya pesa kwa simu. Inatolewa bure. Foleni za kujiandikisha mwaka 2023 zilikuwa ndefu, na si wote waliopanga foleni hizo waliofuata kura; wapo waliofuata kitambulisho. Takwimu za taifa zinasimulia yaliyobaki: katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais wa 2006 walijitokeza karibu asilimia 70 ya waliojiandikisha, 2011 karibu 59, 2018 chini ya 48, na Desemba 2023 karibu 43.

Wako wanaosema raia ni mvivu. Mimi sikubali, angalau si kwa Kabongo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kususa chakula ambacho hakijawekwa mezani, na kura iliyo karibu zaidi na mlango wa mama huyu haijawahi kuwekwa mezani tangu Katiba ya 18 Februari 2006 ianze kutumika.

Tarehe 20 Desemba 2023 CENI iliandaa, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, uchaguzi wa washauri wa komuni, hao ambao Watanzania wanawaita madiwani. Lakini iliuandaa katika komuni za miji mikuu ya majimbo tu. Mjini Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, watu wa komuni za Kamina, Dimayi na Sobongo walichagua washauri wao. Mtu wa teritori ya Kabongo alichagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo, basi. Mshauri wa sheferi au wa sekta, ngazi za vijijini zinazolingana na komuni, hakumwona kwenye mashine ya kupigia kura, na hakukuwa na kosa la mashine. Jimbo ni moja, siku ni moja, kadi ni ileile, ila haki mbili tofauti.

Sasa, nani hasa unaruhusiwa kumchagua? Hapa ndipo watu huchanganya mambo, na wanasiasa hawana haraka ya kuyachanganua. Katiba, kifungu cha 3, inataja ngazi nne za utawala wa wenyeji zenye mamlaka na bajeti zake: mji, komuni, sekta na sheferi. Teritori haimo. Kwa hiyo msimamizi wa teritori huteuliwa na Rais wa nchi. Hakuna kura inayomweka wala kumwondoa. Mtaa, kijiji na grupama (kundi la vijiji) nazo ni ngazi za utawala tu, hazina baraza la kuchaguliwa.

Sheferi ina sura mbili. Chifu hupatikana kwa mila, kisha serikali humtambua. Kwa watu wa Kabongo, wenye kiti cha kale cha Waluba, hilo halihitaji maelezo. Lakini pembeni ya chifu, sheria ya 7 Oktoba 2008 inataka baraza la sheferi, na baraza hilo huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa miaka mitano. Kwenye sekta, baraza hilo ndilo linalomchagua hata mkuu wa sekta. Kwenye komuni, washauri ndio wanaomchagua burugumesta, mkuu wa komuni, na ndio wanaochagua baraza la mji, ambalo nalo humchagua meya. Maana yake ni kwamba pasipo uchaguzi wa washauri, ngazi zote za juu yake zinabaki za kuteuliwa. Burugumesta aliyeteuliwa anajibu kwa aliyemteua. Si lazima awe mtu mbaya. Ni kwamba tu hana sababu ya kukuogopa wewe.

Na baraza hilo lingefanya nini? Masoko, barabara za mtaani na za shamba, mifereji, zahanati, majengo ya shule, na kupitisha bajeti ya eneo. Tuzungumze pesa kidogo, maana hapa usingizi huisha. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, izuiliwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komuni, sekta na sheferi. Piga hesabu: kwenye kila faranga 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, faranga 16 ni za ngazi ya mama muuza mihogo. Kwamba hazifiki zote inajulikana nchi nzima. Lakini bila baraza lililochaguliwa, nani ana kazi ya kuuliza zilikwama wapi?

Kura hiyo ikija, kuna jambo moja la kujua mapema. Kura ya mshauri unampa mtu mmoja, lakini inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama au muungano wake. Orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali haipati kiti. Tuseme zimepigwa kura halali 5,000: orodha iliyopata 480 imetoka mikono mitupu, hata kama mgombea wake ndiye jirani mwema anayependwa na mtaa mzima. Kwa hiyo usiishie kuuliza "huyu ni nani?" Uliza pia yuko kwenye orodha ya nani, na wenzake kwenye orodha hiyo ni akina nani, kwa sababu kura yako inaweza kumbeba mwingine usiyempenda. Wanawake wanaofikiria kugombea nao wajue hili: tangu sheria ya uchaguzi irekebishwe Juni 2022, orodha yenye angalau nusu ya wanawake hailipi dhamana. Chama kikikuambia hakuna nafasi, kikumbushe kwamba unakipunguzia gharama.

Siku ya kura yenyewe, haki zako ni hizi kwa ufupi. Kupiga kura si lazima, hakuna faini kwa asiyekwenda. Ukienda, kura ni siri. Usipojua kusoma au mashine ikikushinda, una haki ya kusaidiwa na mtu unayemchagua mwenyewe, naye awe mpiga kura. Karani asijipe kazi ya kukubonyezea. Karatasi ya matokeo hubandikwa nje ya ofisi ya kura baada ya kuhesabu, na mtu yeyote anaweza kuisoma na kuipiga picha kwa simu. Wanajeshi na polisi walio kazini hawapigi kura, wakupe ulinzi, wasikupe maelekezo.

Chumvi, fulana na bia? Kununua kura ni kosa la jinai. Na si maneno ya vitabuni tu: Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, wakiwemo wa komuni, kwa tuhuma za udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Ukishakula chumvi yake hudaiwi chochote ndani ya chumba cha kura. Lakini mimi ningeshauri usiipokee, maana anayekununua Desemba anajua Januari huna la kumdai.

Na kwa sasa, kabla kura hiyo haijafika Kabongo? Kuna haki moja ambayo watu wachache wanaitumia, nayo haihitaji uchaguzi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kuandikia mamlaka ya umma ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya ombi hilo. Wauzaji wa soko wanaweza kuuliza ushuru wao wa kila siku unakwenda wapi. Wazazi wanaweza kuuliza kuhusu zahanati isiyo na dawa. Na nyote mnaweza kuiuliza CENI, kupitia ofisi yake ya karibu, ni lini washauri wa sheferi na sekta watachaguliwa.

Andikeni kwa Kiswahili au Kifaransa, karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja aweke jina, kijiji na saini; asiyeandika aweke alama ya kidole gumba. Nakala moja iache ofisini. Ya pili isipopigwa mhuri wenye tarehe, msiondoke pale: mhuri huo ndio ushahidi wenu wa siku mliyopeleka ombi.