Barafuto za Ikweta na Namna ya Kuzivuka

Tuseme unasoma ukiwa Mwanga, Kigoma (si Wilaya ya Mwanga iliyoko mkoani Kilimanjaro; usichanganye kwenye ramani). Saa nane mchana jua linawaka na barafu unayoijua ni ile ya kununua dukani. Hata hivyo, mivunjiko ya ardhi iliyofanya Ziwa Tanganyika ni ya mkono uleule wa magharibi wa Bonde la Ufa ulioinua Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Huko watu huvuka barafu wakiwa wamefungana kamba.

Barafuto ni bonge kubwa la barafu lililotokana na theluji iliyorundikana na kushindiliana kwa miaka mingi, nalo huteremka polepole kwa uzito wake. Shika neno "huteremka". Kwa kuwa barafu inapita juu ya mwamba usio sawa, hupasuka, kisha theluji mpya hufunika midomo ya nyufa hizo. Ukitazama kwa juu unaona uwanja mweupe, salama kabisa.

Je, barafu inawezekanaje karibu na ikweta? Fanya hesabu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, Rwenzori, kiko mita 5,109. Chukua joto la nyuzi 27 ziwani na kupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 kwa kila mita 100.

5,109 − 773 = 4,336
4,336 ÷ 100 × 0.6 = 26 (takriban)
27 − 26 = 1

Jibu ni nyuzi 1 ya Selsiasi wakati wa mchana. Usiku hushuka chini ya sifuri, na weupe wa theluji hurudisha mionzi mingi ya jua. Lakini ona jinsi nafasi ilivyo finyu! Joto likiongezeka kidogo tu, barafu haina pa kukimbilia, maana mlima umeishia hapo.

Sasa safari yenyewe. Kundi huondoka kabla ya alfajiri, barafu ikiwa bado ngumu. Jua likipanda, theluji iliyofunika nyufa hulegea. Kila mtu hufunga miiba ya chuma chini ya buti na kushika shoka la barafu. Mwongozaji hutangulia akipima njia kwa shoka, na wanaomfuata huacha nafasi kati yao, kamba isilegee. Mmoja akitumbukia, wengine hujitupa chini na kukita mashoka ili kumzuia. Hewa ya oksijeni huko ni kidogo tu kupita nusu ya ile ya pwani, hivyo anayeumwa kichwa na kutapika hurudishwa chini, hata kama kilele kinaonekana. Wengi hukasirika hapo.

Kilimanjaro ni tofauti. Mwaka 1887 Hans Meyer alizuiwa na ukuta wa barafu; mwaka 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kileleni baada ya kuchonga ngazi kwenye barafu. Leo wengi hufika Uhuru, mita 5,895, bila kukanyaga barafuto hata moja. Barafu yake ilikuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2. Rwenzori ilikuwa na takriban 6.5 mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo alipofika Margherita. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1. Waongozaji hulazimika kubadili njia, kwa kuwa palipokuwa na barafu sasa pana mwamba mtupu.

Kosa linalopoteza alama: "Barafu ikiisha, mito yote itakauka." Maji mengi ya mito ya milima hii hutokana na mvua, hasa ile inayonyesha kwenye misitu ya miteremko. Ukiulizwa kuhusu maji, anza na msitu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyufa za barafuto ni hatari zaidi baada ya theluji mpya kuanguka?
2. Rudia hesabu ya hapo juu kwa kilele cha Uhuru, ukianzia Kigoma. Jibu lako ni chini au juu ya sifuri?
3. Mwongozaji anaondoka saa kumi usiku badala ya saa mbili asubuhi. Toa sababu mbili za kijiografia.