Kuitunza Motokaa ya Haibridi Iliyokwenda Kilomita Nyingi

Siku hizi motokaa za haibridi zaonekana hata katika mashamba yetu ya skimu. Nyingi ni zile zilizotumika kwanza Japani, kama Toyota Prius na Aqua. Mkulima huzipenda kwa sababu hazinywi petroli nyingi, na hilo ni kweli. Lakini akiisha kuifikisha nyumbani huitunza kama alivyoitunza pikapu yake ya zamani: mafuta ya injini, maji, na upepo wa magurudumu, basi. Hapo ndipo hasara huanzia.

Gari hili lina wafanyakazi wawili, injini ya petroli na mota ya umeme. Mota hupata nguvu katika betri kubwa, nayo betri hujazwa na injini, na tena kila unapopunguza mwendo. Betri hii si ile ndogo ya volti 12 unayoijua. Katika Prius za miaka ya 2009 hadi 2015 ina vipande 28 vilivyofungwa pamoja, na nguvu yake ni kama volti 200. Kipande kimoja kikifa, taa za hatari huwaka, na gari laweza kukataa kazi. Kununua betri nyingine kwaweza kumeza bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa.

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Kwa hiyo imewekewa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye vyuma au plastiki kama wavu, lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Watu wengi hukaa na gari mwaka mzima bila kulijua tundu hilo. Sasa fikiri habari ya siku ya soko. Umejaza magunia ya kabichi nyuma mpaka dirishani, na gunia moja limeegemea tundu. Unapanda mlima, betri inafanya kazi kwa nguvu zote, feni inavuta lakini hewa haipiti. Hutasikia kitu siku hiyo. Utasikia baada ya miezi, taa zitakapowaka.

Basi leo hii kabla hujafanya jambo jingine, litafute tundu hilo. Lipanguse vumbi kwa brashi laini kila juma wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari barabara zinapokuwa unga mtupu. Manyoya ya kuku na makapi ya mahindi ndiyo mabaya zaidi, maana hushikamana. Magari mengine yana kichujio nyuma ya tundu, kitoe ukikung'ute. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue feni yenyewe na kuzisafisha panga zake. Ukisikia feni ikivuma kwa nguvu huko nyuma hata asubuhi ya baridi, usingoje mwaka uishe.

Jambo la pili ni kulanti, yaani maji ya kupozea. Ukifungua boneti ya Prius utaona vyombo viwili vya kulanti. Kimoja ni cha injini. Cha pili ni cha inverta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie. Toyota huagiza kulanti ya injini ya magari haya ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, na ya inverta kwenye kilomita 240,000. Baada ya hapo kila kilomita 80,000. Kama hujui gari lilifanyiwa nini huko lilikotoka, hesabu kwamba halikufanyiwa kitu. Mita nayo usiiamini sana, kwa kuwa wako watu huirudisha nyuma. Wala usiongeze maji ya mto.

Hizo Prius za 2009 hadi 2015 zina ugonjwa wao. Sehemu ya moshi wa injini hurudishwa ndani kupitia chombo cha kuupoza. Gari likiisha kwenda mbali, masizi hukiziba chombo hicho, na mwisho wake waweza kuwa gasketi ya kichwa cha injini kupasuka. Dalili ni hizi: asubuhi injini ikiwaka hutikisika kwa nguvu, kisha hutulia, na kulanti hupungua ingawa huoni tone chini. Mwambie fundi akisafishe mapema. Kijiti cha mafuta ya injini nacho kitazame kila juma, kwa sababu injini iliyochoka hula mafuta kimya kimya.

Breki za haibridi hudumu sana, maana mota husaidia kupunguza mwendo, na ndiyo sababu watu husahau kuzifungua. Matope huingia na vyuma hukwama. Zifunguliwe na kupakwa grisi baada ya kila msimu wa mvua.

Tena usiliendeshe mpaka petroli ikauke ukitumaini umeme utakufikisha, maana utaimaliza betri kubwa. Na likikaa zizini, yaani gereji, kwa miezi, liendeshe mara kwa mara kwa nusu saa. Betri ndogo ikifa gari haliamki, hata kama ile kubwa imejaa.

Mwisho ni waya nene za rangi ya machungwa. Hizo hubeba umeme unaoweza kuua, na mtoto asiziguse. Gari likiwa limenyamaza na neno READY linawaka, injini yaweza kuanza wakati wowote mikono ya mtu ikiwa ndani. Lizime kwanza, na ufunguo uuweke mbali. Fundi akitaka kushika waya hizo bila glavu za umeme, mshukuru, kisha umwombe afunge boneti.