Gorogoro Lililobonyea: Dhana ya Mwegemeo katika Ukadiriaji wa Takwimu, kwa Mifano ya Kilungu

Utangulizi

Katika masoko ya Kilungu, kaunti ya Makueni, mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe unaobeba takriban kilo mbili. Tuchukulie kwamba gorogoro la mchuuzi fulani limebonyea kitako. Mnunuzi akipimiwa mara moja, atapunjika. Akipimiwa mara mia, atapunjika mara mia. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Lakini kibaba chenyewe kikiwa kibovu, wingi wa haba hauwezi kukitengeneza.

Makala hii inanuia kufafanua kosa la aina hiyo katika takwimu. Mwanafunzi wa Kiswahili anahusika moja kwa moja, kwani aghalabu tasnifu zetu hutegemea hojaji, mahojiano na sampuli za wazungumzaji.

Suala la istilahi

Wengi huiita dhana hii "upendeleo". Istilahi hiyo ina udhaifu. Katika Kiswahili, mtu hupendelea kwa kujua: mwamuzi hupendelea timu, mzazi hupendelea mtoto. Mwanafunzi akisikia "upendeleo" hujiambia, "Mimi sina mtu ninayempendelea," kisha huendelea na utafiti wake bila wasiwasi. Kitakwimu, hata hivyo, mtafiti mwaminifu kabisa aweza kupata matokeo yaliyoegemea upande mmoja, kwa sababu kasoro imo katika njia aliyoitumia. Kwa hivyo, makala hii inatumia neno "mwegemeo".

Makosa ya aina mbili

Kila kadirio lina makosa. Kosa nasibu huyumba huku na huku: leo kadirio limezidi, kesho limepungua. Sampuli ikikua, mayumbo hayo hufidiana na kadirio hukaribia ukweli. Mwegemeo, kwa upande wake, huvuta upande mmoja daima. Sampuli ikikua, mara nyingi hauondoki. Tena huwa wa hatari zaidi, kwani mtafiti hujiamini kwa kuwa takwimu zake zimetulia.

Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme katika eneo fulani asilimia 20 ya kaya zimo vilimani, na kila moja huvuna magunia 10. Asilimia 80 zimo nyanda kavu za chini, na kila moja huvuna magunia 3. Wastani wa kweli ni (0.2 × 10) + (0.8 × 3), yaani magunia 4.4. Mtafiti aliyepata malazi Nunguni, juu vilimani, anachukua nusu ya sampuli yake jirani na hapo na nusu nyingine nyanda za chini. Atapata magunia 6.5. Ahoji kaya 40 au 4,000, jibu litabaki lile lile. Dawa yake si kuongeza hojaji, bali ni kulipa kila kundi uzito wake halisi, kwa mfano kwa kurejelea takwimu za sensa.

Mwaka 1983 Robert Chambers, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi nchini Kenya, alieleza jinsi wageni wa mashambani wanavyopotoka: hufuata barabara, huzungumza na wanaume na watu wenye vyeo, na huja wakati wa kiangazi njia zinapopitika. Anayeijua miteremko ya Kilungu wakati wa masika hahitaji kufafanuliwa zaidi. Vivyo hivyo, mtafiti wa lahaja akiwahoji walimu wa karibu na soko pekee, atakachokieleza ni usemi wa walimu, wala si usemi wa Kilungu.

Mwegemeo ndani ya kanuni

Wakati mwingine sampuli ni nzuri, ila kanuni ya kukokotoa ndiyo inayoegemea. Chukua kaya tatu zenye mbuzi 2, 4 na 6. Wastani ni 4, na wastani wa miraba ya tofauti, yaani kipimo cha mtawanyiko, ni takriban 2.67. Sasa chagua kaya mbili kwa nasibu, ukiruhusu ile ile kurudiwa. Jozi zinazowezekana ni tisa. Katika kila jozi, jumlisha miraba ya tofauti na wastani wa jozi hiyo, kisha ugawe kwa 2. Wastani wa majibu tisa utakuwa 1.33 tu. Ukigawa kwa 1, yaani idadi ya sampuli ukiondoa moja, utapata 2.67 barabara. Sababu ni kwamba wastani wa jozi hutokana na jozi yenyewe, hivyo hukaa karibu nayo kuliko wastani wa kweli unavyokaa.

Mwegemeo katika modeli

Kilungu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipoanzishwa mwaka 1992. Katika miaka ya 1930, maofisa wa kikoloni, akiwemo Colin Maher katika ripoti ya 1937, waliiona Machakos kama nchi inayoangamia kwa mmomonyoko wa udongo. Fikra iliyotawala ilikuwa modeli sahili: watu na mifugo wakiongezeka, udongo utakwisha. Idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 mwaka 1930 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1990. Hata hivyo, mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua. Modeli ile ilikuwa imeacha kigezo kikuu: kazi ya watu wenyewe, vikundi vya mwethya na matuta ya "fanya juu".

Kitabu hicho nacho kinafaa kuhojiwa. Kililinganisha picha za 1937 na za mahali pale pale zaidi ya miaka 50 baadaye. Ikiwa mpiga picha wa kwanza alichagua makorongo mabaya kupindukia, basi nafuu fulani ingetarajiwa hata pasipo mabadiliko makubwa. Aidha, wapo watafiti waliouliza iwapo wastani wa wilaya haukuzificha kaya maskini zisizo na nguvu wala fedha za kutengeneza matuta.

Hitimisho

Kabla ya kuandika "matokeo yanaonyesha", mtafiti ajiulize: Ni nani ambaye njia yangu haikuweza kumfikia? Kanuni yangu huvuta upande gani? Modeli yangu imeacha nini? Takwimu huamua chakula cha msaada kiende wapi na shule ijengwe wapi. Kaya isiyohesabiwa nyuma ya kilima hulipa gharama ya kosa ambalo hakuna aliyelikusudia. Tulikague gorogoro kwanza, ndipo tupime.