Upasuaji wa trakoma: Simu yamfuata mgonjwa hadi kijijini

TRAKOMA ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria na kuenezwa na nzi, vidole na vitambaa vya kupangusia uso. Hapa nchini umewasumbua sana wakazi wa maeneo makavu kama vile Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Narok na Kajiado.

Mtu anayeambukizwa mara kwa mara tangu utotoni hupata makovu ndani ya kope. Hatimaye kope hujikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Asipotibiwa aweza kupofuka. Wanawake huathiriwa zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Wengi hung'oa nywele hizo kwa kibano, nazo huota tena.

Tiba ni upasuaji mdogo wa kunyoosha kope, ambao muuguzi aliyefunzwa aweza kuufanya hata katika zahanati, na mgonjwa akarudi nyumbani siku iyo hiyo.

Taabu huanza hapo. Kope zaweza kujikunja tena, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka mgonjwa aangaliwe siku inayofuata, kisha baada ya siku 7 hadi 14, na tena kati ya miezi 3 na 6. Je, nyanya wa Turkana aliyehama na mifugo atapatikanaje baada ya miezi sita, ilhali jina lake limo katika daftari lililofungiwa kabatini?

Siku hizi kuna programu za simu za kazi hii. Muuguzi huandika jina, kijiji, nambari ya mgonjwa au jamaa yake, kope zilizopasuliwa, tarehe na aliyepasua. Habari hukaa ndani ya simu hadi mtandao upatikane. Siku ikiwadia, majina ya wanaopaswa kuonwa hujitokeza, nao wahudumu wa afya vijijini huenda kuwatafuta.

Msimamizi naye huona ni wagonjwa wa nani ambao kope hujikunja tena mara nyingi, ili huyo afunzwe upya. Huenda wapasuaji wengine wasipende, lakini jicho ni la mgonjwa.

Waliokataa kupasuliwa pia huandikwa. Ili nchi itangazwe kushinda trakoma, wagonjwa wa kope zilizojikunja wasiojulikana na idara ya afya lazima wawe chini ya 2 kwa kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Aliyekataa akaandikwa huhesabiwa kuwa anajulikana, na aweza kushawishiwa tena.

Bila shaka simu haina miguu. Pikipiki ikikosa mafuta, orodha hubaki orodha.

Ukipasuliwa, toa nambari ya mtu asiyehamahama. Nywele zikianza kuchoma tena, rudi kituoni bila kungoja tarehe.