Mvue Nguo Kwanza

Huenda unalima viazi Njombe, au unauza mahindi Makambako. Nyumbani una dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo ni sumu.

Bomba la jirani yako linavuja. Dawa inamlowesha mgongo. Utafanya nini kwanza? Wengi hukimbilia gari. Lakini sumu hupita kwenye ngozi. Nguo zilizolowa zitamdhuru njia nzima.

Majeshi yanalijua jambo hili. Mwaka 1936 mtaalamu wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu. Akapata sumu kali mno, tabuni, na jeshi likaifanya silaha. Baadhi ya dawa za shambani ni za ukoo huo, ingawa nguvu yake ni ndogo. Ndiyo maana askari hufundishwa kumvua na kumwosha mwenzao aliyemwagikiwa sumu. Mwaka 1995 huko Tokyo, Japani, watu waovu walimwaga sumu ya ukoo huo ndani ya treni. Wagonjwa walifika hospitali na nguo zao. Mvuke wake ukawadhuru hata baadhi ya madaktari na wauguzi.

Basi, mwingine atafute gari, wewe mwoshe mgonjwa. Vaa glavu za mpira, au funga mikono kwa nailoni. Mvue nguo zote na viatu. Sweta usilivute kichwani, litampaka dawa usoni. Likate kwa mkasi. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni: nywele, kwapa, kucha. Usimsugue kwa nguvu, maana ngozi iliyochubuka hupitisha sumu upesi. Macho yamwagiwe maji safi kwa dakika 15.

Hapa ndipo penye kazi. Mwezi wa Julai Njombe ni baridi kali. Watu huona huruma kummwagia mzee wa watu maji baridi. Usingoje maji yapate moto. Ukimaliza, mfunike blanketi kavu. Wengine huona haya, hasa mgonjwa akiwa mama. Wanawake wenzake wamzungushie kanga, wamwoshe.

Usimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hii. Akitokwa na mate na jasho jingi, au akihema kwa shida, hali yake ni mbaya. Afike hospitali upesi. Chukueni na kopo la dawa, likiwa limefungwa vizuri. Mganga akisoma jina lake, ataijua sumu.

Maswali
1. Kwa nini sweta likatwe?
2. Kopo lako la dawa limeandikwa nini? Lisomeni darasani.